Ramadhani, Siku ya 17: Deni la Zubayr na Duka Lako



Ndugu yangu mwenye duka, dada yangu mwenye genge au cherehani, leo tukae kidogo na Zubayr bin Al-Awwam (r.a.), mtoto wa shangazi yake Mtume (s.a.w.) na mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo.

Usidhani alianza tajiri. Alipomuoa Bi Asmaa bint Abubakar (r.a.), alikuwa na farasi na ngamia wa kutekea maji, basi. Bi Asmaa mwenyewe alikuwa akibeba kokwa za tende kichwani kutoka shambani, mwendo mrefu. Walianza wawili, mume na mke, kama wewe ulivyoanza na meza moja ya nyanya.

Allah akamfungulia. Akawa na nyumba 11 Madina, 2 Basra, 1 Kufa na 1 Misri, na shamba la Al-Ghaba alilolinunua kwa 170,000. Watu wakamletea pesa awatunzie. Akakataa kuzipokea kama amana, akataka zihesabiwe mkopo, kwa kuogopa zisije zikapotea. Amana ikipotea bila uzembe, mtunzaji halipi. Deni hulipwa tu. Aliubeba mzigo yeye ili mwenye pesa awe salama.

Asubuhi ya vita vya Jamal, mwaka 36 Hijria, alihisi hatarudi. Akamwita mwanawe Abdullah. Kilichomkera zaidi si vita, ni deni. Akamuusia auze mali alipe, na akikwama amuombe Mola wa Zubayr amsaidie.

Akauawa siku ile. Hakuacha dinari wala dirhamu mkononi, mali yote ilikuwa ardhi na nyumba. Abdullah akakaa chini akahesabu deni: 2,200,000!

Sasa angalia alichofanya. Hakuuza kwa pupa. Al-Ghaba aliigawa hisa 16, kila hisa 100,000, ikafika 1,600,000. Mdai mmoja wa 400,000 alikuwa tayari kusamehe, Abdullah akakataa, akamlipa kwa kumkatia ardhi. Deni likaisha. Ndugu zake wakataka mirathi igawanywe. Akawaambia wasubiri. Miaka 4 mfululizo akatangaza msimu wa Hija kwamba anayemdai Zubayr ajitokeze. Baada ya hapo ndipo akagawa, na kila mmoja wa wajane wanne akapata 1,200,000.

Hebu jiulize. Wewe ukiondoka leo, nani anajua unadaiwa na nani? Mzigo uliokopa kwa muuzaji wa jumla, pesa za kikundi, mshahara wa kijana wa dukani, viko kwenye daftari au kichwani mwako? Biashara ngapi za familia zimekufa kwa sababu watoto waligawana bidhaa kabla ya kulipa madeni, na mdai akaja akakuta rafu tupu?

Kukua si haramu, Zubayr alikua. Kukopa pia si haramu. Ila usikue kwa deni ambalo mali yako haiwezi kulibeba, na usiwafiche wanao.

Kazi ya leo, kabla ya tarawehe: andika unaodaiwa na unaowadai. Mwonyeshe mkeo, mumeo au mtoto mmoja unayemwamini. Tia saini.

Ewe Mola wa Zubayr, tulipie madeni yetu na uwape watoto wetu subira ya Abdullah. Aamin.

Mtumie na mwenzako mwenye biashara. Futari njema.