John Colet, kasisi aliyewakabidhi wafanyabiashara shule yake

Henry Colet, mfanyabiashara tajiri wa nguo mjini London, alijaaliwa watoto 22: wavulana 11 na wasichana 11. Kwa mujibu wa Erasmus, mwanazuoni mashuhuri wa Uholanzi, ni mmoja tu kati yao aliyesalia hai katika utu uzima. Huyo ni John, aliyezaliwa mwaka 1467. Yeye ndiye aliyerithi utajiri wa baba yake, na ndiye aliyeutoa kwa ajili ya watoto wa watu wengine.

Henry Colet alikuwa mwanachama wa Mercers, chama cha wafanyabiashara wa hariri, kitani na vitambaa vingine vya thamani, kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1394. Vyama vya aina hiyo havikushughulikia biashara pekee. Viliwapokea vijana na kuwafunza kazi, viliwasaidia wanachama waliofilisika, na vilisimamia mali iliyoachwa na marehemu kwa ajili ya maskini. Kupitia chama hicho Henry alipanda hadi kuwa Meya wa London mara mbili.

Mwanawe hakufuata njia ya duka. Alisoma Oxford, akasafiri Ufaransa na Italia, kisha akarejea Oxford kufundisha nyaraka za Mtume Paulo. Wasikilizaji wake walishangazwa na namna alivyozisoma: kama barua za mtu halisi aliyewaandikia watu halisi. Mwaka 1505 alikuwa Mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London. Mwaka huohuo baba yake alifariki dunia.

Ulimi usioogopa

Colet hakuwa mtu wa kunyamaza. Mbele ya mkutano mkuu wa makasisi aliwakemea wenzake kwa kukimbilia vyeo na mali. Askofu wa London, Richard FitzJames, alimshutumu kwa uzushi, lakini Askofu Mkuu William Warham aliyatupilia mbali mashitaka hayo. Ijumaa Kuu ya mwaka 1513, wakati Mfalme Henry wa Nane akijiandaa kuivamia Ufaransa, Colet alihubiri mbele yake dhidi ya vita.

Kufikia hapo tayari alikuwa ameanza kazi itakayolibakiza jina lake. Mwaka 1509 alianzisha shule kando ya kanisa kuu, na kuiwekea wakfu mashamba ya familia, mengi yakiwa katika jimbo la Buckinghamshire. Ilikuwa ya wanafunzi 153, idadi inayohusishwa na samaki waliovuliwa katika Injili ya Yohana. Hawakulipa ada ya masomo, na mlango ulikuwa wazi kwa watoto wa mataifa yote bila ubaguzi.

Nani wa kuaminiwa?

Jambo lililowashangaza wengi ni mahali alipoikabidhi amana hiyo. Hakuikabidhi kwa maaskofu, wala kwa kanisa alilolisimamia mwenyewe. Aliwapa Mercers, wenzake baba yake. Erasmus alieleza kwamba Colet aliamini hakuna la uhakika katika mambo ya wanadamu, lakini ufisadi mdogo zaidi aliuona kwa raia wenye ndoa na sifa njema. Hata mwalimu mkuu aliruhusiwa kuwa mtu mwenye mke. Wa kwanza, William Lily, alikuwa na familia, na sarufi ya Kilatini inayobeba jina lake ilitumika Uingereza kwa karne kadhaa.

Kanuni alizoziandika mwaka 1518 zinaonyesha ukarimu wake pamoja na mipaka yake. Kila mwanafunzi mpya alitoa peni nne, zikaenda kwa mwanafunzi maskini aliyefagia shule. Lakini mtoto alipaswa kujua kusoma na kuandika kabla ya kupokewa, na wazazi walipaswa kununua mishumaa ya nta, iliyokuwa ghali kuliko ile ya mafuta ya wanyama. Kwa hiyo shule ya bure haikuwa rahisi kwa kila fukara. Mwishoni Colet aliwaachia Mercers ruhusa ya kuongeza au kupunguza kanuni kadiri nyakati zitakavyodai.

Alifariki dunia tarehe 16 Septemba 1519. Moto mkubwa wa London uliiteketeza shule mwaka 1666, na Mercers wakaijenga upya. Miongoni mwa waliosoma hapo ni mshairi John Milton na mwandishi wa shajara Samuel Pepys. Mwaka 1884 ilihamia Hammersmith na mwaka 1968 Barnes. Wasichana, ambao Colet hakuwataja, walipata shule yao mwaka 1904 kutokana na wakfu uleule.

Mercers wanashiriki katika uongozi wake hadi leo. Hata hivyo, shule iliyoanza bila ada sasa ni miongoni mwa zile za gharama kubwa Uingereza, ingawa wapo wanaosomeshwa kwa ruzuku. Wafanyabiashara waliitunza mali kwa zaidi ya miaka 500, kama Colet alivyotarajia. Kumfikishia mtoto asiye na kitu ni deni ambalo kila kizazi cha warithi wake hulikuta mlangoni.