Evariste Galois, Kijana Aliyeanguka Mtihani wa Hesabu Mara Mbili



Sisi wa mwaka wa sita, hasa wa seksio ya matematiki na fizika, tuko na milima miwili mbele yetu. Wa kwanza ni Egzamen ya Taifa. Wa pili, kwa wale wenye kutaka kuingia fakulte ya polytechnique, ni mtihani wa hesabu wa kuingia chuo kikuu. Huo wa pili ndio unatutia woga zaidi. Katika Egzamen ya Taifa, kwa sehemu kubwa mtu anachagua herufi ya jibu, na hakuna anayemwuliza alifika pale namna gani. Katika mtihani ule mwingine mtu anapaswa kuonyesha njia yote, tangu mwanzo hata mwisho.

Mwezi uliopita mwalimu wetu wa hesabu alitupa mtihani wa kujipima wa namna hiyo. Wengi wetu tulipata jibu la kweli mwishoni, na tena tukapata pointi nne juu ya kumi. Tulinung'unika sana. Hata sisi tulio kapita, tunaopaswa kutuliza wengine, tulinung'unika kuwashinda. Mwalimu hakukasirika. Alisema tu tuende tutafute maisha ya Galois, nyuma yake tukuje tuseme nani alikuwa na haki. Tulitafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Evariste Galois alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1811 katika Bourg-la-Reine, mji mdogo karibu na Paris, Ufaransa. Baba yake, Nicolas-Gabriel Galois, alikuwa mkubwa wa shule yenye wanafunzi wa kulala, na tangu mwaka 1815 alikuwa pia meya wa mji. Mama yake ndiye aliyemfundisha nyumbani, Kilatini na Kigiriki, mpaka alipotimiza miaka kumi na miwili. Mwaka 1823 walimpeleka Paris katika shule ya Louis-le-Grand, alale kule kama sisi wa interna tunavyolala hapa.

Mwanzoni alikuwa mwanafunzi mzuri, akapata na zawadi. Kisha alianza kuchoka na masomo ya lugha, na mwanzoni mwa mwaka 1827 wakubwa wa shule walimrudisha nyuma darasa moja. Aliye na ndugu aliyerudilia mwaka anajua haya yake. Lakini hapo ndipo mlango ulipofunguka, maana mwaka ule ule alianza darasa ya hesabu. Wakampa buku la jeometri la Legendre. Inasemwa alilisoma kama vile wengine wanasoma hadithi. Kutoka pale hakurudia tena vitabu vidogo vya darasa. Alikwenda moja kwa moja kwa maandiko ya Lagrange, ambayo hayakuandikwa kwa watoto wa miaka kumi na sita. Masomo mengine aliyaacha karibu yote, na walimu wake waliandika malalamiko.

Sasa tuseme habari ya École Polytechnique, sababu bila hiyo mtu hataelewa kilichomwuma. Shule hii ilianzishwa mwaka 1794, wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, na katika siku za Galois ndiyo iliyokuwa shule kubwa kupita zote kwa mwenye kupenda hesabu. Wanafunzi wake walivaa mavazi ya askari, na wengi walijulikana kwa kupenda siasa ya uhuru. Kuingia kulikuwa kwa mashindano. Mtahini alikaa, kijana alisimama mbele ya tablo na chaki mkononi, na maswali yalifuatana. Pale hakuna herufi ya kuchagua! Na mtu aliruhusiwa kujaribu mara mbili tu.

Mwaka 1828 Galois alijaribu mara ya kwanza. Alikuwa na miaka kumi na sita, na hakuwa amefuata darasa ya matayarisho ambayo wengine walifuata. Alijitayarisha peke yake. Akaanguka.

Alirudi Louis-le-Grand, na huko akapata baraka moja ya maisha yake, mwalimu aitwaye Louis Richard. Huyu Richard hakuwa mtu wa kuandika vitabu vikubwa, lakini alijua kutambua mwanafunzi. Aliona upesi kwamba kijana huyu si wa kawaida, na makaratasi ambayo Galois aliyaandika darasani aliyaweka kwake. Miaka mingi nyuma aliyatoa kwa mwanafunzi wake mwingine, Charles Hermite, ambaye naye alikuja kuwa bingwa wa hesabu. Mwezi wa Aprili 1829, Galois akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, gazeti moja la hesabu lilichapisha kazi yake ya kwanza. Mwezi uliofuata alipeleka maandiko yake katika Akademia ya Sayansi ya Paris, juu ya ekwasio.

Hebu tueleze kidogo, hata wadogo wa mwaka wa tatu watafuata. Ekwasio ya digri ya pili tuko na njia yake: unatafuta delta, unachukua kipeo chake, umemaliza. Ya digri ya tatu na ya nne pia ziko na njia, ndefu sana, ambazo Waitalia walizipata katika karne ya 16. Basi watu walitafuta njia ya digri ya tano kwa miaka karibu mia tatu. Mnorwe Niels Abel alionyesha, katika miaka ya 1824 na 1826, kwamba njia moja ya kufaa ekwasio zote za digri ya tano haiwezi kupatikana. Lakini zingine zinakubali. Kwa mfano x⁵ − 2 = 0 inakubali bila taabu, lakini x⁵ − 4x + 2 = 0 inakataa kabisa, hata ukijaza kaye kumi. Swali la Galois lilikuwa: tutajuaje mbele ya kuanza, hii itakubali na hii itakataa? Jibu lake halikutafuta mizizi yenyewe. Aliangalia namna ile mizizi inavyoweza kubadilishana nafasi bila kuharibu uhusiano ulio kati yao, na yale mabadilishano yote pamoja aliyaita kundi. Ukilichunguza kundi, unajua habari ya ekwasio. Ni kama kujua tabia ya jamaa kwa kuangalia wanavyopokeana kazi za nyumba, bila kumwuliza hata mmoja jina lake. (Mfano huu ni wetu, ukiwa mbaya, tulaumiwe sisi.)

Sasa mwezi wa Julai 1829. Tarehe 2, baba yake alijiua. Padri wa mji, aliyekuwa upande mwingine wa siasa, alikuwa ameshiriki katika kumchafulia jina kwa maandiko ya uongo, na mzee hakuweza kuvumilia aibu. Siku ya maziko kulikuwa fujo. Siku chache tu nyuma ya msiba huo kijana alisimama mara ya pili mbele ya tablo ya Polytechnique. Mbele ya kwenda kwake kulikuwa kaburi jipya, na nyuma hakukuwa nafasi ya tatu.

Akaanguka tena.

Nini kilitokea ndani ya chumba kile? Inasimuliwa kwamba alikasirika na swali aliloliona kuwa la kitoto, akamtupia mtahini kitambaa cha kufutia tablo. Vijana wa darasa yetu walipenda sana sehemu hiyo, lakini hakuna ushuhuda wa siku ile unaoithibitisha, basi tusiichukue kuwa kweli. Kinachojulikana ni tabia yake ya kazi. Alifanya hesabu nyingi ndani ya kichwa na kuandika kidogo tu. Hatua ambazo kwake zilikuwa wazi kama mchana aliziruka, na akiombwa aeleze aliona kama anatukanwa.

Hapa kikundi chetu kiligawanyika kweli, mpaka kengele ya kulala ikatukuta tukibishana. Wengine walisema mtahini ndiye aliyeanguka: mwenye kupima anapaswa kumjua anayempima, na watahini wale leo wanakumbukwa sababu tu ya kijana waliyemkataa. Wengine walisema hapana, mtahini hawezi kusoma ndani ya kichwa cha mtu. Anasoma tablo, na tablo ilikuwa karibu tupu. Sisi tulianza upande wa kwanza. Tunakiri kwamba pointi zetu nne ndizo zilizotusukuma pale. Kilichotubadilisha kidogo ni mambo yaliyofuata.

Galois aliingia shule nyingine, École préparatoire, iliyokuwa ya kutayarisha walimu na leo inajulikana kama École normale supérieure. Mwishoni mwa mwaka 1829 alifanya mitihani ya kule. Mtahini wa hesabu aliandika kwamba kijana huyu pengine haeleweki anapojieleza, lakini ana akili na roho ya kutafuta mapya. Mtahini wa fizika aliandika kwamba hajui kitu. Mtu mmoja, majuma yale yale! Alipita, lakini kwa sababu ya hesabu.

Ile kazi aliyoipeleka Akademia ilikuwa mikononi mwa Cauchy, na ripoti haikutoka kamwe. Mwezi wa Februari 1830 alipeleka nyingine kwa ajili ya zawadi kubwa ya Akademia. Fourier, karani wa Akademia, aliipokea, naye akafa mwezi wa Mei. Makaratasi hayakuonekana tena. Zawadi walipewa Jacobi na Abel, na Abel alikuwa amekwisha kufa. Mambo haya mawili hatuwezi kumlaumu Galois.

Ya tatu ni tofauti. Mwezi wa Januari 1831 Poisson mwenyewe alimwomba aandike upya. Aliandika. Mwezi wa Julai Poisson na mwenzake walitoa ripoti: uthibitisho hauko wazi vya kutosha, wala haujakunjuliwa vya kutosha, hata hawawezi kuhukumu kama ni kweli, mwandishi afadhali atoe kazi yake nzima. Tulisoma hapo, tukanyamaza. Maana Poisson hakuwa mjinga, wala hakuwa adui. Na maneno yake yalikuwa karibu sawa na yale mwalimu wetu aliyoandika kwa wino mwekundu juu ya kaye zetu.

Wakati huo Galois alikuwa amezama katika siasa. Katika mapinduzi ya Julai 1830, vijana wa Polytechnique walitoka barabarani kupigana, yeye mkubwa wa shule yake alifunga milango, na hata kuruka ukuta hakuweza. Aliandika gazetini kumshambulia mkubwa huyo, akafukuzwa. Alianzisha darasa ya aljebra ndani ya duka la vitabu. Wasikilizaji wakapungua upesi. Mwaka 1831 alishikwa mara mbili, na alifungwa miezi mingi katika gereza la Sainte-Pélagie. Kipindupindu kilipoingia Paris mwaka 1832, walimhamisha katika nyumba ya kutunza wagonjwa, na mwisho wa Aprili alikuwa huru.

Tarehe 30 Mei 1832, asubuhi, alipigana kwa bastola na mtu mmoja. Habari ya msichana ilikuwamo, lakini wachunguzi hawajapatana hata leo juu ya sababu yenyewe. Risasi ilimpata tumboni. Alikufa kesho yake katika hospitali ya Cochin, mdogo wake Alfred akiwa karibu. Alikuwa na miaka ishirini. Walimzika Montparnasse katika kaburi la watu wote, na mahali penyewe hapajulikani tena.

Watu husema aliandika hesabu zake zote katika usiku ule wa mwisho. Si kweli, kazi ilikuwa imekwisha kuandikwa mbele. Usiku ule alimwandikia rafiki yake Auguste Chevalier barua ndefu ya kupanga mawazo yake, akamwomba atafute maoni ya Gauss ama Jacobi. Tena alipitia andiko ambalo Poisson alilikataa, akisahihisha hapa na pale. Kwenye ukingo wa ukurasa mmoja aliandika kwamba uthibitisho ule bado unahitaji kukamilishwa, na kwamba hana wakati.

Chevalier na Alfred walinakili makaratasi na kuyapeleka kwa wenye kujua. Miaka ilipita. Joseph Liouville alikaa nayo, akajaza mwenyewe hatua zilizokosekana mpaka akaridhika kwamba ni kweli, akayachapisha katika gazeti lake mwaka 1846. Mwaka 1870 Camille Jordan alitoa buku kubwa lililoeleza mambo haya yote kwa utaratibu. Na hapa kuna jambo lililotuchekesha, tena likatuumiza: Liouville na Jordan wote wawili walikuwa wamepita mtihani wa kuingia École Polytechnique.

Tulimrudia mwalimu na jibu letu. Tulisema Cauchy na Akademia walikuwa na kosa, mtahini wa mwaka 1829 pengine alikuwa na kosa, Poisson hakuwa na kosa. Alituuliza: na zile pointi nne? Tuliomba tupewe mtihani mwingine.

Utakuwa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Kabla ya siku hiyo tunakutana kila Jumanne na Alhamisi nyuma ya chakula cha jioni katika darasa ya mwaka wa sita. Kila mmoja anasimama kwenye tablo, anaeleza tatizo moja, na wenzake wako na ruhusa ya kumsimamisha kila anaporuka hatua. Wa mwaka wa tano wanaweza kuja. Chaki imebaki kidogo. Aliye nayo alete.