Roger Williams na Mpaka wa Hakimu

Januari ya mwaka 1636, habari ziliwafikia mahakimu wa koloni la Massachusetts, huko Amerika, kwamba Roger Williams, mchungaji aliyekuwa mgonjwa mjini Salem, alikuwa akipokea watu nyumbani kwake na kuwafundisha. Haikutajwa silaha wala wizi. Kosa lilikuwa maneno yaliyosemwa ndani ya nyumba ya mtu, mbele ya wageni waliokuja kwa hiari yao. Mahakimu waliamua kumkamata, kumpandisha merikebu na kumrudisha Uingereza.

Williams aliijua serikali ya namna hiyo tangu utoto. Alizaliwa London yapata mwaka 1603, na alipokuwa kijana mwanasheria mkuu Sir Edward Coke alimwona jinsi alivyoandika upesi kwa hatimkato, akamtumia kunakili hotuba katika mahakama ya Star Chamber. Mahakama hiyo ilihukumu bila baraza la raia wa kuamua hatia, na adhabu zake zilifika hata kukata masikio ya watu walioandika kinyume cha maaskofu. Coke alimsaidia kupata elimu, na mwaka 1627 Williams akahitimu Cambridge. Desemba 1630 yeye na mkewe Mary walipanda merikebu iitwayo Lyon, wakauacha mkono wa Askofu William Laud nyuma yao. Walifika karibu na Boston Februari 1631.

Wapuritani waliowatangulia huko walikuwa wamekimbia mkono ule ule. Ajabu ni jinsi walivyojifunza upesi kuutumia. Mwaka ule ule wa 1631 waliamua kwamba asiyekuwa mshiriki wa kanisa hatapiga kura, na baadaye kuhudhuria ibada kukawa sharti la sheria. Watu waliolia chini ya fimbo waliishika wenyewe, tena kwa dhamiri safi, wakiamini wanamtumikia Mungu.

Williams alifundisha kwamba amri nne za kwanza hazimo mikononi mwa hakimu. Hakimu amwadhibu mwizi, muuaji na shahidi wa uongo. Kwa hayo ameshika upanga (soma Warumi 13:1–10, ukiangalia ni amri zipi Paulo anazozitaja hapo). Lakini ibada, jina la Mungu na siku ya kuabudu ni mambo yaliyo kati ya mtu na Muumba wake. Kwa msomaji wa Kiadventista hili si jambo dogo, maana amri ya Sabato imo katika hizo nne. Hakimu anayeweza kulazimisha Jumapili anaweza pia kuikataza Sabato. Na hakimu ambaye angelazimisha watu kuishika Sabato angekuwa amevuka mpaka ule ule.

Alikuwa na hoja nyingine pia. Serikali ilipotaka wakazi waape kiapo cha utii, alisema kiapo ni tendo la ibada, wala haifai kumlazimisha asiyeamini aabudu. Tena alisema kwamba hati ya mfalme wa Uingereza haikuweza kuwapa walowezi ardhi ambayo wenyeji hawakuiuza.

Kanisa la Salem lilipomchagua kuwa mwalimu wake mwaka 1635, serikali haikuja na pingu kwanza. Wakati huo mji ulikuwa umeomba ardhi ya Marblehead, na mahakama ikayaweka maombi hayo kando kwa sababu ya mwalimu huyo. Wajumbe wa Salem wakarudishwa nyumbani. Ndivyo waumini walivyojikuta wakipima mchungaji wao kwa ekari za shamba. Wengi walirudi nyuma, na ni vigumu kuwalaumu sana, kwa kuwa walikuwa na watoto wa kulisha. Lakini mtawala hahitaji gereza akishajua kila mtu anahitaji nini.

Oktoba 1635 Williams alisimama mbele ya mahakama. Mchungaji Thomas Hooker aliwekwa ajadiliane naye, asimbadilishe hata kidogo. Hukumu ikawa kwamba aondoke kolonini ndani ya wiki sita. Mwezi huo huo Mary alijifungua binti, wakamwita Freeborn, yaani aliyezaliwa huru. Kwa ajili ya ugonjwa wake na baridi iliyokuwa ikikaribia, aliruhusiwa kukaa hadi majira ya kuchipua, kwa sharti kwamba asiwavute wengine kwenye maoni yake. Baada ya hapo mazungumzo ya nyumbani kwake yakawa jambo la serikali. Danieli pia alitazamwa akiwa chumbani mwake, na waliomtazama walijua hasa walichokuwa wakitafuta (Danieli 6:4–11).

Kapteni John Underhill alitumwa kwa mashua kumkamata. Alipofika Salem, Williams alikuwa ameondoka siku tatu kabla. John Winthrop, aliyekuwa gavana hapo awali na ambaye hakukubaliana na mafundisho yake, alikuwa amemwonya kwa siri na kumshauri aelekee ghuba ya Narragansett. Williams hakulisahau tendo hilo maisha yake yote.

Alitangatanga karibu wiki 14 katika theluji. Waliompokea walikuwa wenyeji, watu wa chifu Massasoit wa Wawampanoag, ambao lugha yao alikuwa amejifunza kwa kulala katika vibanda vyao. Mwaka huo huo wa 1636, baada ya kupatana na machifu Canonicus na Miantonomi wa Wanarragansett, alianzisha makao na kuyaita Providence, yaani Maongozi ya Mungu. Wakazi waliweka sahihi kwamba wangetii uamuzi wa wengi katika mambo ya kiraia peke yake. Ellen White anayasimulia maisha haya katika Pambano Kuu.

Kuandika maneno hayo kulikuwa rahisi kuliko kuyaishi. Mwaka 1638 mkazi mmoja, Joshua Verin, alimzuia mkewe kwenda kwenye mikutano ya ibada, tena kwa kumpiga. Wako waliosema mume ana mamlaka nyumbani mwake. Mji uliamua kwamba dhamiri ya mke nayo ni dhamiri, ukamnyima Verin haki ya kupiga kura.

Mwaka 1644 Williams alipata London hati ya kisheria ya koloni lake. Mwaka huo huo alichapisha kitabu kinachopinga mateso kwa ajili ya dini, na Bunge likaamuru kichomwe. Miaka kumi baadaye yeye ndiye aliyekuwa rais wa koloni, na baadhi ya watu wakadai kwamba, kwa kuwa dhamiri ni huru, asiadhibiwe mtu yeyote kwa kuvunja sheria yoyote. Aliwajibu kwa mfano wa merikebu yenye Wakatoliki, Waprotestanti, Wayahudi na Waislamu. Asilazimishwe mtu kuhudhuria sala za merikebu, wala asizuiwe kusali sala zake. Lakini nahodha abaki na haki ya kuongoza safari na kuwazuia waasi.

Hakuwa mtu asiye na doa. Vita vya mwaka 1676 viliiteketeza Providence, na nyumba yake pamoja nayo. Baadaye alikaa katika kamati iliyowagawa mateka wenyeji kuwa watumishi wa lazima, yeye aliyeokolewa na wenyeji katika theluji. Hilo halielezeki likaisha.

Jaribu gumu kuliko yote lilikuwa Marafiki, yaani Waquaker. Williams aliyaona mafundisho yao kuwa ya hatari. Massachusetts iliwachapa viboko, na mwaka 1660 ikamnyonga Mary Dyer. Makoloni jirani yalipoitaka Rhode Island iwafukuze, ilikataa. Katika uhuru huo huo, mwaka 1671, kikundi kidogo mjini Newport kilianzisha kanisa la kwanza la Wabatisti wa Siku ya Saba katika Amerika. Kutoka jamii hiyo ya makanisa alitokea Rachel Oakes, aliyewapelekea Waadventista wa Washington, New Hampshire, ukweli wa Sabato mwaka 1844. Williams mwenyewe hakuwa mshika Sabato.

Mwaka 1672, akikaribia miaka 70, alipiga makasia kutwa nzima kutoka Providence hadi Newport ili kujadiliana na Waquaker hadharani. Walibishana siku tatu, kwa maneno makali pande zote. Gavana wa koloni wakati huo, Nicholas Easton, alikuwa Mquaker. Siku hizo tatu zilipokwisha Williams alirudi Providence, na Waquaker wakabaki Newport na haki zao zote.