Abdurahman, mtoro aliyepata kuwa mfalme

Tangu mwaka 661, ukoo wa Umaya ulizitawala nchi za Waislamu. Makao yake yalikuwa Damasko katika Siria, na enzi yake ilienea toka Uajemi mpaka Hispania. Lakini Waislamu wengi wasio Waarabu walinung'unika, kwa kuwa walihesabiwa wadogo, na mara nyingi walitozwa kodi kama wasio wa dini hiyo. Basi mwaka 747 watu wa Khorasani, upande wa mashariki, waliinua bendera nyeusi. Mwaka 750 walimshinda mfalme Marwan penye mto Zab, na ukoo wa Abbas ukakitwaa kiti chake.

Watawala wapya waliwasaka jamaa za Umaya ili asibaki mrithi. Abdurahman, mjukuu wa mfalme Hisham, alikuwa kijana wa miaka karibu 20. Askari walipomkaribia, alijitupa katika mto Eufrate pamoja na mdogo wake. Askari wakaita toka ukingoni, wakiahidi kwamba hawatawadhuru. Mtoto yule, akiogopa maji, alisadiki akarudi. Abdurahman hakurudi. Alipofika ng'ambo aligeuka, akaona ndugu yake akikatwa kichwa.

Miaka mitano alitangatanga, akifuatwa na Badr, mtumishi wake mwaminifu. Alipita Palestina na Misri, hata akafika Afrika ya Kaskazini. Huko mwishowe wajomba zake walimpokea, maana mama yake alikuwa Mberberi. Mwana wa wafalme hakuokolewa na jina la baba yake, bali na watu wa mama yake.

Mwaka 755 alivuka bahari, na mwaka 756 alimshinda liwali wa Hispania akaingia Córdoba. Mwaka 763 mfalme Mansur wa ukoo wa Abbas alichochea vita juu yake, lakini hakufaulu. Hivyo enzi iliyokuwa moja ikagawanyika: Abbas mashariki, Umaya katika Hispania.

Abdurahman alianza kujenga msikiti mkubwa wa Córdoba mwaka 785, akafa mwaka 788. Wazao wake walitawala huko mpaka mwaka 1031. Lakini yeye aliyeponyoka upanga wa wafalme aliushika upanga uleule: jamaa zake walipomfanyia hila, alimwua hata mtoto wa ndugu yake. Kiti kilichopatikana kwa damu, mara nyingi hulindwa kwa damu. Aliweza kuuvuka mto Eufrate, lakini hofu ya wafalme alivuka nayo.