Tom Mboya, Hola na jasho la mfungwa

Waungwana, kila mahakama inapomfunga mwizi au kijana wa panga, barazani husikika neno lilelile: huyu sasa atakula bure. Wako wasemao apelekwe akavunje mawe tangu alfajiri hadi magharibi, ajute kuzaliwa. Ukiuliza kama hiyo ni haki, utajibiwa kwamba mfungwa hachagui gereza.

Hoja hiyo siipuuzi. Mama aliyekatwa panga akinyang'anywa simu ndiye huyo huyo anayelipa kodi ya unga na mafuta, na kodi hiyo ndiyo inayomlisha aliyemkata. Ana haki ya kukasirika. Lakini swali la kazi ngumu gerezani halikuanza jana, na sisi Wapwani tumelipa gharama yake kwa damu iliyomwagika hapa hapa kwetu. Leo nataka nilieleze kupitia maisha ya mtu ambaye kaburi lake liko Homa Bay, nami nililizuru nilipokuwa safarini Nyanza, nikitokea Migori kwenda Rusinga.

Njia hiyo ina historia yake. Enzi za Mwingereza, Migori, Homa Bay na Kisii zote zilikuwa wilaya moja iliyoitwa South Kavirondo, na makao yake makuu yalikuwa Kisii. Kule ndiko Mekatilili wa Menza alikopelekwa kifungoni mwaka 1913, naye akatoroka na kurudi Ugiriama kwa miguu. Kwa hiyo Mpwani akifika pande zile asijione mgeni kabisa.

Kaburi ninalolisema ni la Tom Mboya. Limejengewa kwa umbo la risasi, kwa sababu risasi ndiyo iliyomuua. Watu wengi humkumbuka kwa ndege zilizowapeleka wanafunzi Marekani. Mimi namkumbuka kwa jambo jingine: maisha yake yote aliyatumia kuuliza nani anafanya kazi, kwa malipo gani, na nani ameshika kiboko nyuma yake.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ingawa asili ya wazee wake ni Rusinga. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa nyapara katika shamba la mkonge la Mzungu. Kwa hiyo mtoto huyu alifungua macho akiona safu za vibarua wanaokata mkonge juani, na aliwajua wale wanaosimamia na wale wanaosimamiwa.

Mwezi Juni mwaka huohuo wa 1930, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba nambari 29 wa kupiga marufuku kazi ya kulazimishwa. Uingereza iliuridhia mwaka uliofuata. Ila mkataba uliacha mlango mmoja wazi: mtu aliyehukumiwa na mahakama aweza kulazimishwa kufanya kazi, mradi awe chini ya usimamizi wa serikali na asikodishwe kwa mtu binafsi wala kampuni. Tafadhali uweke akilini mlango huo, maana ndio utakaotufikisha Hola.

Mboya alisomea shule za misheni Kabaa, Yala na Mang'u, akaishia njiani kwa kukosa karo. Akajifunza ukaguzi wa afya katika Jeanes School na kuajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Huko aligundua kwamba mkaguzi Mwafrika hulipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mkaguzi Mzungu, na kazi ni ileile. Hakunung'unika pembeni. Aliwakusanya wafanyakazi wenzake wakaunda chama, na kufikia mwaka 1953, akiwa na miaka 23 tu, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini.

Mwaka huo Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari. Mnamo Aprili 1954, katika operesheni iliyoitwa Anvil, askari waliizingira Nairobi na kukamata maelfu ya watu, wengi wao wakiwa wafanyakazi. Hawakufikishwa mahakamani. Walipakiwa kwenye malori na treni wakaletwa kwenye kambi za Mackinnon Road na Manyani, kandokando ya barabara hii yetu ya Mombasa. Ndugu zangu, tunapopita Manyani leo kwa basi, tunapita palipokuwa na seng'enge zilizofungia watu ambao hakuna hakimu aliyepata kuwasikiliza.

Mboya alipinga mambo hayo waziwazi wakati vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku na chama cha wafanyakazi ndicho pekee kilichobaki na sauti. Machi 1955, makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, ndiye aliyekuja kusuluhisha. Aliwashawishi warudi kazini na madai yao yapelekwe kwa wasuluhishi, nao wakapata nyongeza ya mshahara. Wazee wa bandarini walimjua tangu hapo: kijana mdogo, Kiswahili fasaha, hesabu kichwani.

Baada ya mwaka mmoja wa masomo Oxford, alirudi na kuingia Baraza la Kutunga Sheria katika uchaguzi wa Machi 1957, ule wa kwanza wa Waafrika, mwaka ambao Pwani ilimchagua Ronald Ngala. Barazani humo Mboya na wenzake walipokea barua zilizotoroshwa kutoka kambini, zikieleza vipigo na kazi za lazima. Walidai uchunguzi huru. Serikali ilisema hakuna haja.

Jibu lilitokea Hola, Tana River, tarehe 3 Machi 1959.

Pale palikuwa na kambi ya wale walioitwa wakaidi. Serikali ilikuwa inachimba mifereji ya kumwagilia mashamba na ilitaka wachimbe. Wao walikataa, wakisema si wafungwa bali wamezuiliwa kwa sababu ya siasa, na kwamba kushika jembe ni kukiri kosa ambalo hakuna mahakama iliyowatia hatiani. Maafisa wa magereza wakaandaa mpango: watolewe nje, wapelekwe kazini, na asiyetaka ashurutishwe kwa nguvu. Siku hiyo askari walikuwa na marungu. Jioni ilipofika watu walikuwa wamekufa, na hesabu ya mwisho ilikuwa maiti 11. Wengine wengi waliumizwa.

Tangazo la kwanza la serikali lilisema walikufa baada ya kunywa maji ya mkokoteni. Maji! Uchunguzi wa vifo ulifanywa na hakimu wa Mombasa, na ikathibitika kwamba waliuawa kwa kipigo. Hata hivyo hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo. Bunge la Uingereza lilijadili aibu hiyo usiku wa manane mwezi Julai. Serikali ya Kenya ikaona dawa ni kubadili jina la mahali: Hola ikaitwa Galole.

Mwezi huohuo wa Machi polisi walikivamia chama cha Mboya jijini Nairobi na kukamata watu wake. Aprili alikuwa Marekani, akizunguka kwenye mikutano na vyuo kueleza hali ya Kenya. Kutokana na ziara hiyo, Septemba 1959 ndege iliondoka na wanafunzi 81. Mauaji ya Hola nayo yalisaidia kuuvunja mfumo wa kambi, na Januari 1960 hali ya hatari iliondolewa.

Hapo ndipo wasimulizi wengi hufunga kitabu. Mimi siwezi, kwa sababu maisha ya mtu huyu yana ukurasa wa pili. Alikuwa Waziri wa Kazi mwaka 1962, na Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba tulipopata uhuru. Katiba ile ya uhuru ilikataza kazi ya kulazimishwa, lakini ikauacha wazi mlango ule ule: kazi itokanayo na hukumu ya mahakama haikuhesabiwa kuwa ya kulazimishwa. Kisha mwaka 1966 serikali aliyokuwa waziri ndani yake ilirudisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi. Miongoni mwa walioshikwa alikuwa kiongozi wa wafanyakazi, Ochola Mak'Anyengo. Mboya alikuwa amepanda ngazi kwa kupinga jambo hilo hilo. Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi mchana barabarani Nairobi, akiwa na miaka 38, akazikwa Rusinga.

Simtaji ukurasa huo ili nimvunjie heshima marehemu. Nautaja kwa kuwa unatufundisha kwamba fimbo ya gereza huonekana mbaya ikiwa mkononi mwa mwingine. Ikifika mkononi mwetu, twaiona ni nidhamu.

Sasa turudi kwa swali letu. Je, mfungwa afanyizwe kazi? Kwa aliyehukumiwa, jibu langu ni ndiyo. Kukaa bure kutwa ndani ya kuta nne ni adhabu mbaya kuliko jembe, na humrudisha mtu mtaani akiwa hajui lolote ila ujanja aliojifunza humo. Alime, ashone, achonge, asome. Magereza yetu, kuanzia Shimo la Tewa hadi Homa Bay na Migori, yana mashamba au karakana, na kazi hiyo inaweza kumjenga mtu.

Lakini kazi si sulubu. Sulubu ni kazi ambayo lengo lake ni maumivu. Jiwe linavunjwa ili mtu avunjike. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizopewa jina la Mandela mwaka 2015, zinakataza kazi ya kutesa, zinakataza mfungwa kufanya kazi kwa faida ya kibinafsi ya askari wa gereza, na zinataka alipwe ujira wa haki. Katiba yetu ya 2010 nayo inasema aliyefungwa hubaki na haki zake, isipokuwa zile ambazo haziwezi kwenda pamoja na kifungo.

Pia tuwatenge mahabusu. Mtu anayengoja kesi hajahukumiwa, na akishikishwa jembe kwa nguvu tumerudi Hola kwa miguu yetu wenyewe. Na aliyefanya kosa dogo, kwa nini tumpeleke ndani kabisa? Tangu mwaka 1998 tuna sheria ya kutumikia jamii. Afagie soko, azibue mitaro, jioni arudi kulala kwa watoto wake. Mwenye kodi atapata kazi bila kumlisha mtu.

Sisi Waislamu tuna mfano ulio karibu zaidi. Baada ya vita vya Badr, mateka wa Kikureshi waliojua kusoma na kuandika lakini hawakuwa na mali ya kujikombolea walipewa kazi: kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina, kisha aende zake. Hawa walikuwa maadui walioshika upanga, tena juzi tu. Kazi yao ilikuwa na manufaa kwa jamii, ilikuwa na kipimo, na mwisho wake ulikuwa uhuru. Na tumefundishwa kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho halijakauka. Sijaona mahali pamesemwa ila jasho la mfungwa.

Wabunge wetu wa Pwani na wenzao wa Homa Bay na Migori wana jambo moja la kushirikiana, maana wote wana magereza na wote wana historia. Waangalie upya ujira wa mfungwa, ambao hadi leo watu huuzungumza kwa senti, na waufanye uwe pesa yenye maana: sehemu iende kwa aliyedhuriwa, sehemu kwa watoto wa mfungwa, na sehemu awekewe ya kuanzia maisha atakapotoka. Hapo yule mama aliyekatwa panga atapata kitu mkononi. Mawe yakivunjwa hadi yaishe, yeye hapati hata senti moja.