Metchnikoff, mtindi na mahindi yenye ukungu

Mama mmoja wa hapa Mukendo, Musoma, alimleta mtoto kliniki, na kabla ya kuondoka akaniuliza kama nguruwe wake watakuwa salama akiwachanganyia mahindi yaliyoota ukungu na mtindi. Alisikia kwamba bakteria wa mtindi huondoa sumu. Ili kumjibu vizuri, wiki hii nawasimulia maisha ya mtu aliyeanzisha wazo hilo.

Elie Metchnikoff alizaliwa mwaka 1845 katika kijiji karibu na Kharkov, nchi ya Ukraine ya leo. Alisomea elimu ya wanyama. Mke wake wa kwanza, Ludmila, aliugua kifua kikuu na kufariki mwaka 1873. Metchnikoff alikata tamaa akajaribu kujiua, akanusurika. Alioa tena, na mke wa pili, Olga, akapata homa ya matumbo. Olga alipona, lakini mwaka 1881 mumewe alijidunga damu ya mgonjwa wa homa ya kujirudia, jamaa ya homa ya papasi tunayoijua huku. Aliugua sana, akapona.

Mwaka 1882, akiwa Messina, Italia, alichoma miiba ndani ya viluwiluwi vya kiti cha pweza. Kesho yake aliona chembe hai zimeuzunguka mwiba. Akatambua kwamba mwili una askari wanaomeza vijidudu. Ndizo kazi za chembe nyeupe za damu. Kwa ugunduzi huo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Tangu mwaka 1888 alifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur, Paris. Huko aliamini kwamba bakteria wabaya wa utumbo mpana hutoa sumu inayozeesha mwili, na kwamba bakteria wa maziwa mgando huwazuia. Alisikia kuwa wakulima wa Bulgaria hunywa maziwa hayo na kuishi miaka mingi. Naye akayanywa kila siku kwa miaka. Alifariki kwa maradhi ya moyo mwaka 1916, akiwa na miaka 71.

Je, alikosea? Kwa sehemu. Mtindi haukumpa umri aliouahidi. Lakini bakteria rafiki wapo kweli, na hata togwa letu linao.

Sumukuvu hakuijua. Ilitambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, wakiwa wamelishwa karanga zenye ukungu. Leo watafiti wanatumia baadhi ya bakteria wa aina ya mtindi katika chakula cha mifugo. Sumu hunata kwenye ganda la bakteria, na sehemu yake hutoka na kinyesi badala ya kuingia kwenye damu. Lakini si bakteria wote wanaoweza, na sumu iliyonata huweza kuachia tena. Mtindi wa nyumbani haujapimwa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo nilimjibu yule mama kwamba asiwape. Sumukuvu huharibu ini la nguruwe na kudumaza watoto wao, na mabaki yake huweza kubaki kwenye ini tunalokula. Ng'ombe akila, sumu hupita kwenye maziwa. Kupika hakuimalizi. Mwaka 2016 watu 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo.

Wazazi, anikeni mahindi juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Yakaukeni kabisa kabla ya kuweka ghalani, chagueni punje, na zenye ukungu zitupeni. Msizipeleke kwenye pombe, kwa kuku wala kwa nguruwe. Mtoto akigeuka macho ya njano, au akitapika na tumbo kuvimba, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Mtindi mpeni mtoto, kwa kuwa ni chakula kizuri. Msiutegemee kusafisha mahindi yaliyoharibika.