Robert Goldschmidt: Mbelgiji aliyepeleka simu ya upepo Kongo

BRUSSELS – Katika mazungumzo ya watu wanaokusanya na kufufua mitambo ya redio ya zamani hapa Ubelgiji, jina la Robert Goldschmidt halikosi kutajwa. Wasomaji wetu wengi, wa nyumbani na wa ughaibuni, huenda hawajawahi kulisikia, ijapokuwa kazi ya mtu huyu ilifika Kisangani, Kindu na Lubumbashi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wakati ambapo Wabelgiji wenyewe hawakuwa wakijua redio ni kitu gani.

Goldschmidt alizaliwa Brussels mwaka 1877 katika familia yenye uwezo. Alikuwa mtaalamu wa kemia na fizikia na alifundisha katika Chuo Kikuu Huria cha Brussels, lakini hakuwa mtu wa kutulia na jambo moja. Mwaka 1906 yeye na Paul Otlet walipendekeza kitabu kipigwe picha ndogo ndogo ili kurasa 72 zienee kwenye kadi moja ya sentimita 12.5 kwa 7.5. Mwaka 1909 alikuwa akishughulika na chombo cha angani kilichojazwa gesi, kilichoitwa La Belgique. Mwaka uliofuata ni yeye aliyemkutanisha tajiri Ernest Solvay na mwanasayansi wa Kijerumani Walther Nernst, na kutokana na urafiki huo ukazaliwa mkutano mashuhuri wa Solvay wa mwaka 1911 katika hoteli ya Métropole. Ile picha ya Einstein, Marie Curie na Planck inayochapishwa kila mara magazetini ni ya mkutano huo. Bwana aliyesimama wa kwanza kutoka kushoto ndiye Goldschmidt.

Lakini wapenzi wa redio hawamkumbuki kwa hayo.

Albert, kabla hajawa Mfalme wa Wabelgiji, alisafiri Kongo mwaka 1909 akiingilia kusini, Katanga. Aliona kwa macho yake jinsi koloni lile lilivyokuwa kubwa na jinsi habari zilivyochelewa. Nyaya za simu zilikuwepo katika baadhi ya njia, lakini miti iliziangukia na tembo waliziangusha nguzo. Alipotawazwa mwezi Desemba mwaka huo huo, aliunga mkono, pamoja na fedha, mpango wa kujenga mtandao wa simu ya upepo, na Goldschmidt akapewa kuusimamia.

Msomaji wa leo asifikirie redio ya kusikiliza taarifa ya habari. Mitambo ile ilitoa cheche za umeme, na mtumaji alibonyeza ufunguo kwa alama za Morse, fupi na ndefu. Kituo kimoja kilihitaji injini, dainamo, milingoti mirefu na mapipa ya mafuta. Vyote hivyo vilipakiwa kwenye meli za mtoni, na pale mto ulipokatika kwa maporomoko, reli au mabega ya watu yalichukua zamu. Katika masimulizi niliyoyasoma, majina ya wahandisi wa Kizungu yamo yote. Ya wapagazi hayamo. Kisha kulikuwa na radi: wakati wa mvua, anga ya tropiki hujaa kelele zinazofunika ishara, na watumaji walijifunza kuchagua saa za kufanya kazi. Hata hivyo, ilipofika mwaka 1914 vituo vilikuwa vimesimama Boma, Coquilhatville ambayo leo ni Mbandaka, Stanleyville, Kindu, Elisabethville na kwingineko.

Huduma hiyo ilikuwa ya serikali ya kikoloni na makampuni, hasa ya migodi ya Katanga. Mkulima wa Maniema hakupata faida yoyote kwa amri kufika siku moja badala ya wiki kadhaa. Pengine alipata hasara. Kwa maoni yangu, wakusanyaji wa hapa, wanaoipenda mitambo hii kwa moyo wote, huipita sehemu hii ya historia haraka mno.

Sasa turudi Brussels. Ili kuzungumza na Kongo moja kwa moja, Goldschmidt alijenga kituo kikubwa Laeken, karibu na kasri la Mfalme, katika jumba lililoitwa Villa Lacoste. Hapo palikuwa pia na shule ya kufundisha watumaji wa kwenda Kongo. Mhandisi Raymond Braillard alikuwa mkono wake wa kulia. Wakiwa na mitambo hiyo, wawili hao walianza kujaribu kurusha sauti ya binadamu badala ya alama za Morse.

Tarehe 28 Machi 1914 walirusha tamasha la muziki kwa heshima ya Malkia Elisabeth, ambaye mwenyewe alikuwa mpigaji fidla. Baada ya hapo tamasha lilirudiwa kila Jumamosi. Wasikilizaji walikuwa watu wachache wenye vipokezi walivyojitengenezea nyumbani: kipande cha madini ya galena, ncha ya waya, koili, na spika za masikioni. Hakuna betri, hakuna umeme wa ukutani. Hao ndio mababu wa warushaji wa ridhaa wa Ubelgiji.

Je, hayo yalikuwa matangazo ya kwanza ya redio duniani? Wamarekani watakutajia Charles Herrold wa San Jose, aliyeanza majaribio yake mwaka 1909, na Waholanzi watamtetea Hanso Idzerda wa The Hague, mwaka 1919. Ubishi huu hauishi. Lakini kwa Ulaya, kuwa na tamasha la kila wiki kabla ya vita si jambo dogo.

Halafu vita vikaja. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea ilikishambulia kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani Dar es Salaam. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 19, wanajeshi wa Ubelgiji walikiharibu kituo cha Laeken kwa mikono yao wenyewe ili kisitekwe. Kesho yake Wajerumani waliingia Brussels. Kazi ya miaka mingi ilikwisha kabla kituo hakijaanza kutumika ipasavyo kwa safari ya Kongo.

Baada ya vita Goldschmidt hakurudi tena kuwa mtu wa mbele katika redio. Mwaka 1925 alikuwa tena na Otlet kwenye vitabu vyao vidogo. Braillard ndiye aliyeendelea, akasimamia kituo cha Brussels kilichopima masafa ya redio za Ulaya nzima. Matangazo ya kudumu, Radio Belgique, yalianza tarehe 24 Novemba 1923. Studio yake ilikuwa ndani ya jumba la Union Coloniale, mtaa wa Stassart, Ixelles, hatua chache tu kutoka Matonge tunakonunua pondu na samaki wakavu. Goldschmidt alifariki mwaka 1935. Radio Congo Belge ilianza Léopoldville miaka mitano baadaye.

Anayetafuta mabaki ya enzi hiyo asitegemee kupata kifaa cha Laeken. Katika soko la mitumba la Jeu de Balle, mtaa wa Marolles, linalofunguliwa kila asubuhi, hupatikana redio za mbao za SBR, kampuni ya hapa hapa Brussels, na wakati mwingine kadi za posta ambazo warushaji wa ridhaa wa Kongo ya zamani walizituma kuthibitisha kuwa wamesikika, zenye alama ya OQ, kabla nchi haijapewa 9Q ya sasa. Ukiibahatisha redio, usiichomeke kwenye umeme siku hiyo hiyo. Kapasita zake za karatasi na nta huwa zimekwisha kuoza, na zikipitisha umeme zitaunguza transfoma, ambayo kuipata nyingine ni taabu. Fungua kwanza, zibadilishe, halafu pandisha umeme kidogo kidogo.